Mpaka Birika Lichemke

Mtu aliyenifundisha kunyamaza alikuwa mmbea namba moja wa mtaa wetu. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nawaletea habari za mtakatifu. Tulimwita Nesi. Alikuwa amestaafu zahanati kabla mimi sijafungua mgahawa wangu karibu na stendi ya Kyela, lakini kwetu nesi hastaafu. Watu walimpigia hodi na watoto wenye homa hata Jumapili akiwa ameshavaa kwenda kanisani. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na mstari wa migomba mitano. Kupitia migomba hiyo alijua nimepika nini, nimegombana na nani, na mgeni gani kaja kunitembelea akaondoka bila kuaga.

Alikuwa mfupi, ana raba nyeupe za kazini zilizokwisha soli, na kila asubuhi alibandika kifuani ile saa ndogo ya manesi, hata akiwa amejifunga kanga. Saa yenyewe ilikuwa imesimama siku nyingi. Ukimuuliza saa ngapi, aliitazama kwa makini, kisha akatazama jua, kisha akakwambia.

Na kila asubuhi aliwasha jiko la mkaa mlangoni kwake, akateleka birika, akakaa kwenye kigoda. Akishakaa hakufanya kitu. Hakuchambua mboga, hakuzungumza, na simu aliiacha ndani. Alilaza mikono mapajani, akafumba macho nusu, akatulia hivyo mpaka mfuniko wa birika uanze kugonga. Hapo aliinuka, akatia majani ya chai na sukari ya kutisha, na umbea ukaanza.

Mwaka wa kwanza nilidhani anasali. Mwaka wa pili nikadhani ni presha. Mwishowe nikamuuliza.

"Nakaa," alisema.

"Unakaa unafanya nini, Nesi?"

"Nakaa tu. Wewe, mwanangu, hujawahi kukaa hata siku moja. Wewe unapumzisha miguu, mdomo unaendelea na safari."

Alisema kweli. Mimi nina mdomo. Mama yangu alikuwa nao, na bibi yangu, wanasema, alisikika mpaka ng'ambo ya mto. Mgahawani nilikuwa najibu kabla mteja hajamaliza kuagiza. Akisema "Naomba wali," mimi nimeshapaza sauti jikoni, "Wali samaki mmoja!" na kama alitaka wali maharage, shauri yake, siku hiyo atakula mbasa. Wateja walicheka, wakazoea. Mwanangu hakuzoea.

Anaitwa Atupele. Siku ninayoisema alikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimemtuma sokoni kununua usipa, dagaa wa ziwani. Alichelewa. Saa ya chakula ikafika, wateja wakajaa, na yeye hayupo. Alipoingia, usipa anao, lakini kiunoni amejifunga kanga mpya ya maua mekundu nisiyoijua.

"Mama, nilikuwa..." alisema.

Sikumpa nafasi. Nilimsomea uzembe wake, nikamsomea habari za wasichana wanaozurura sokoni, nikamuuliza hiyo kanga kaitoa wapi na wala sikungoja jibu. Akaanza tena: "Mama, nilikuwa..." Mkononi nilikuwa na upawa. Sikumlenga yeye, nililenga ukuta, lakini ukuta ulikuwa nyuma yake. Upawa uligonga karibu na sikio lake, na mchuzi ukammwagikia begani mbele ya wanaume ishirini wanaokula. Namshukuru Mungu mchuzi ulikuwa umepoa. Mgahawa mzima ulinyamaza, na hata mimi nilinyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa.

Wiki ile akahamia Bujonde kwa bibi yake, mama wa mume wangu. Baba yake ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana kama mgeni; alisema kwa simu, acha mtoto apumzike. Atupele alipofunga sanduku lake hakulia wala hakununa. Alisema tu, "Nitarudi siku utakayoniacha nimalize." Nami hapohapo nikaanza kumjibu.

Nilikwenda kwa Nesi kulia. Nilieleza tangu asubuhi mpaka jua likahama upande mwingine wa nyumba: kosa la mtoto, kosa la baba yake, kosa la usipa. Nesi alisikiliza. Nikinyamaza kidogo, anauliza, "Umemaliza?" Nasema bado, naendelea. "Umemaliza?" Bado. Nilipokubali kwamba nimemaliza, alijipangusa magoti akasema, "Kesho asubuhi njoo na birika lako." Hakunishauri jambo lingine lolote, na kwa mtu aliyekuwa na ushauri kwa kila ndoa ya mtaa ule, nilishangaa.

Masharti yake yalikuwa machache. Weka maji jikoni, kaa, sikiliza. Anza na sauti ya mbali kabisa, itaje moyoni, kisha njoo karibu. Lori linalopandisha kutoka mpakani. Kengele ya kanisa. Jogoo wa fundi cherehani. Mkaa unaopasuka. Pumzi yako mwenyewe puani. Ukifika kwenye pumzi, tulia hapo. Ukipotea, rudi tena mbali uanze.

"Na nikianza kuwaza wali wa mchana?"

"Utaanza, mpishi hawezi kuacha. Ukijikuta unapika kichwani, sema 'napika', halafu rudi. Usijigombeze. Umeshagombeza watu wa kutosha."

"Na mbu?"

"Mpige, halafu rudi. Kwani yeye ana adabu gani?"

Siku ya kwanza nilifika pumzi tatu. Ya nne nilishainuka kumfukuza kuku. Siku ya pili nikapata akili: nikapuliza mkaa mpaka ukawa mwekundu, nikaweka maji kidogo ndani ya birika, likachemka kabla sijakaa vizuri. Nikafurahi. Siku ya tano Nesi alipita, akalinyanyua birika langu, akalitikisa karibu na sikio. "Mwanangu," alisema, "hiki ni kikombe kimoja." Akachota maji kwenye ndoo akalijaza mpaka juu, akaondoka zake bila kugeuka.

Kosa kubwa lilikuwa la wiki ya pili. Uani kulikuwa na matope ya mvua, nikaamua kukaa mbele ya nyumba, barazani, chini kwenye mkeka. Na kwa kuwa sikujua mikono niiweke wapi, nikashika tama. Kwetu sisi mwanamke akionekana asubuhi amekaa chini, kimya, ameshika tama, haulizwi kitu. Panatafutwa mkeka. Mimi nimefumba macho, niko kwenye sauti ya lori, nasikia nyayo. Nikazitaja moyoni "nyayo", nikarudi. Nikasikia mtu anakaa karibu yangu. "Mtu anakaa", nikarudi. Kidogo nikasikia kwikwi.

Nilipofumbua macho wanawake saba wamenizunguka, kanga zimefungwa kiunoni, mmoja kaleta mkungu wa ndizi na mwingine tayari machozi yanamtoka. Yule wa ndizi akanishika mkono. "Pole, Mama Atupele. Ni nani?"

"Hakuna," nilisema. "Nangoja maji yachemke."

Yule aliyekuwa analia akasema kwamba yeye ameshaanza na hawezi kuacha katikati, basi akamlilia marehemu dada yake kidogo, nasi tukamngoja. Birika likachemka, tukanywa chai. Nesi alikuwa kwenye migomba yake ameinama, nikadhani anapalilia, kumbe anacheka mpaka ameshika mgongo. Ndizi hawakuzichukua, msiba au si msiba, zilishaletwa. Mpaka leo wawili kati ya wale saba huja kukaa nami siku za Jumanne, na kwikwi hakuna.

Nisimsifu Nesi kupita kiasi. Mtu huyu aliyetulia mbele ya jiko kila asubuhi, redioni timu yake ikifungwa alitukana refa, mama wa refa na kijiji alikozaliwa refa. Alikuwa na bata sita aliowachukia na hakutaka kuwachinja. Siri ya mtu aliiweka mpaka amalize chai. Nilimwambia, Nesi, huko kukaa kwako mbona hakukusaidii? Akajibu, "Kunanisaidia sana. Ungenijua nilivyokuwa kabla."

Wala hakunisifu. Siku ishirini nilikaa mfululizo, nikaenda kujitapa, akasema, "Haya." Siku tatu nikaacha kwa sababu ya harusi ya mpwa wangu, nikaenda nimeinamisha kichwa, akasema vilevile, "Haya. Birika la jana lilishanywewa. La leo umeliweka?" Nadhani hiyo ndiyo iliyonifanya niendelee. Ningesifiwa ningeacha, nikidhani nimeshafika.

Alinipa na zoezi la mgahawani. Mteja akiagiza, nimngoje mpaka afunge mdomo, nivute pumzi moja, ndipo nijibu. Pumzi moja tu. Wateja wangu waliogopa. "Mama Atupele, unaumwa?" Mwingine akauliza kama wali umekwisha. Dereva mmoja wa siku nyingi aliagiza wali maharage, nikavuta pumzi, nikamletea wali maharage, akakaa anaitazama sahani. "Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nadhani hupiki maharage."

Siku moja nilimuuliza Nesi alijifunzia wapi huko kukaa, nikitegemea kusikia habari za mzungu fulani au semina ya wizara. Akacheka.

"Baba mkwe wangu ndiye aliyenifundisha, na hakunifundisha neno."

Watu wa Kyela wanajua, wengine niwaeleze kidogo. Zamani kwa Wanyakyusa mkamwana alimkwepa baba mkwe. Hamtazami, hapishani naye njiani, jina lake halitaji. Akimsikia anakuja, anajificha. Nesi aliolewa kwenye boma ambalo mila hiyo ilishikwa hasa, na uani penyewe palikuwa padogo.

"Nilikuwa naosha vyombo huku masikio yangu yako njiani," alisema. "Nilimjua kwa kikohozi, kwa fimbo, kwa mbwa wake anayemtangulia. Nilijua ameamka vizuri au vibaya kwa namna anavyofungua mlango. Huwezi kuwaza mengine, mwanangu. Ukiwaza mengine unageuka unakutana naye uso kwa uso, aibu ya ukoo mzima. Miaka kumi nilikuwa pale nilipo, sikuwa mahali pengine. Uso wake niliutazama vizuri siku ya msiba wake, nikalia kweli, maana hakuna mtu niliyewahi kumsikiliza kama yule mzee."

Alipohamia nyumba za zahanati, alisema, alijikuta huru na hana raha. Kichwa kilikuwa kinazurura kutwa. Ndipo akaanza kukaa mbele ya birika na kusikiliza, mtu wa kumkimbia akiwa hayupo. "Mila ile siirudishi, wala binti yangu sikumfundisha. Lakini masikio yake nilibaki nayo."

Kila nilipopata nafasi nilikwenda Bujonde. Mara ya kwanza tulikaa chini ya paa la kukaushia kakao, na Atupele akaanza, "Mama, siku ile..." nikasema, "Najua mwanangu, nisamehe, mimi hasira..." Akafunga mdomo, akaendelea kugeuza kakao kwa mikono yake midogo. Maneno matatu. Niliporudi nilijipiga kofi mwenyewe. Mara ya pili, miezi mingi baadaye, nilishajizoeza na wateja wangu, nikashika mpaka akafika, "Mama, siku ile nilitoka sokoni nikaenda kwa..." na mimi nikaropoka, "Kwa nani? Mvulana?" Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na hakimu. Akachukua reki, akahamia upande wa pili wa kakao.

Nilimsimulia Nesi huku nalia.

"Maneno saba," alihesabu kwa vidole. "Siyo haba."

"Wewe hukosi habari," nilimwambia. "Siku ile ulisikia nini? Alikwenda kwa nani?"

Nesi aliwageukia bata wake, akawatazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hana habari, na nikadhani uzee umeanza.

Uzee ulikuwa umeanza kweli, lakini masikioni. Redio ikawa inapigwa mpaka stendi wanajua matokeo. Mimi nikimsalimu "Mugonile, Nesi," ananijibu mvua itanyesha. Nilisikitika sana, maana masikio yale yalikuwa shule yangu. Yeye hakusikitika, au hakunionyesha. Alisogeza kigoda, akaacha kufumba macho. Nilipomuuliza atajuaje maji yamechemka, akaonyesha juu ya birika. "Sasa nakaa na mvuke," alisema, kwa sauti ya mtu anayedhani sisi wote ni viziwi. Baada ya mwaka mtoto wake wa kiume akaja kumchukua, akahamia Mwaya, karibu na ziwa. Bata alituachia mtaani, na ni wabaya kama alivyosema.

Mwaka jana mpunga ulipokwisha kuvunwa, yule mtoto wake alinipigia simu. Mama anasema uje Jumapili, umpitie Atupele Bujonde. Anasema mikono yake ndiyo ya kwanza kumshika mtoto huyo duniani, na hajamwona tangu ahame. Nikampitia. Alikuwa ameshafika miaka kumi na minne, ananipita urefu. Njiani hatukusema mengi. Juu ya pikipiki hata mimi sisikiki.

Tulimkuta Nesi mlangoni, saa yake kifuani, vigoda vitatu vimeshapangwa kuzunguka jiko na birika liko juu. Alimshika Atupele mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayemkagua. "Ndaga fijo kunijia," alitushukuru kwa Kinyakyusa, akatuonyesha vigoda. Tukakaa. Nikaanza mbali: injini ya mtumbwi ziwani. Watoto. Mtu anatwanga. Mkaa. Pumzi.

"Mama," Atupele alisema, macho yake yapo kwenye jiko. "Siku ile nilitoka sokoni nikaenda kwa Nesi."

Maneno yalinijaa mdomoni. Nikasema moyoni "napika", nikarudi.

Alisema pale sokoni, akiwa kwenye foleni ya usipa, alijikuta ana damu kwenye gauni. Alikuwa hajui ni nini. Alidhani anakufa. Nyumbani hakuweza kuja, mgahawa ulikuwa umejaa wanaume, basi akapita nyuma ya migomba mpaka kwa Nesi. Nesi akamwogesha, akamweleza, akatoa kanga mpya sandukuni akamfunga kiunoni.

Mfuniko wa birika ulianza kugonga. Nikautaja, mfuniko, nikarudi kwa mwanangu.

Alisema Nesi alimpa chai yenye sukari nyingi, akamwambia nenda ukamwambie mama yako mwenyewe, atafurahi. Na yeye hakuogopa tena. Alikuwa anafurahi. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno, aanze vipi, amalize vipi, na alitaka kuniambia sikioni ili wale wanaume wasisikie. Mfuniko uligonga, ukagonga, kisha ukaacha. Birika likaanza kulia kwa ndani, kisha likanyamaza, na harufu ya bati linaloungua ikapanda. Nesi alikuwa karibu nalo kuliko sisi wote. Mvuke aliuona ulipokwisha. Hakuinua mkono.

Atupele alisema kuhusu upawa. Alisema kuhusu mchuzi, na usiku wa kwanza Bujonde, na jinsi alivyoyarudia yale maneno yake peke yake mpaka akayachoka. Kisha akanigeukia.

"Basi, mama," alisema. "Nimemaliza."

Nililia. Sikushika tama, sikujificha. Nililia nimemshika mwanangu mabega, lile la mchuzi na lile lingine. Nilipopata pumzi nilimgeukia yule kizee nikapaza sauti mpaka kuku wakaruka.

"Ulijua! Wewe! Kwa sababu yako mtaa mzima unajua nani kalala na njaa, na hili ukalikalia miaka miwili?"

Nesi aliisoma midomo yangu, akaelewa.

"Yalikuwa maneno yake," alisema. "Ningekwambia mimi, yeye angerudi kukwambia nini?" Kisha akanusa, akatazama jiko. "Na birika la mkamwana wangu mmeliunguza. Mtalisugua."

Atupele alicheka. Alilisugua kwa mchanga, si vizuri sana, akasema shule ikifungwa atakuja Kyela na sanduku lake. Kisha akalipeleka kwenye ndoo, akatia maji. Nilidhani ataweka ya vikombe vitatu. Akalijaza mpaka juu, akalirudisha jikoni, akakaa.

Nami nikakaa.